Ng'ombe Ana Mwenyewe

Gitting, 2 Machi 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Barua hii anakuletea konda wa basi, yule mwenye koti jekundu. Mpe maziwa ya moto ili asizisahau barua zetu chini ya kiti kama alivyofanya mwaka jana. Mimi ni mzima, shule inaendelea, na baridi ya huku mlimani unaijua. Noeli naye ni mzima kabisa. Anakamuliwa asubuhi na jioni, na maziwa yake yamenenepesha watu. Nakushukuru tena kwa kuniwekea ng'ombe wako hapa malisho ya Tumati yalipokauka.

Sasa tuje kwenye masomo yetu. Wahindu nimewaweka pembeni kidogo, nimerudi kwa Wabuddha, kwenye kile kitabu cha pili alichoniachia yule daktari wa hapa alipohamishwa. Mama mdogo, tafsiri hii mpya ni tamu! Kiingereza chake ni chepesi kama cha gazeti. Maneno ya watu waliokufa zamani kabisa, lakini unaona kama mtu amekaa mbele yako anaongea. Nimefika kwenye habari ya kutoa. Nakuwekea kwa Kiswahili changu: wanasema kutoa kunakuwa kamili pale ambapo mtoaji hajioni mtoaji, anayepokea haonekani mwombaji, na kile kinachotolewa hakina mwenyewe. Vyote vitatu ni vitupu. Hebu kaa na maneno hayo. Hakina mwenyewe!

Jumapili iliyopita niliyasoma kwenye jumuiya. Tulisali nyumbani kwa Gidamis, yule Mdatoga aliyepoteza ng'ombe wake wote kwenye tope la mlima Hanang. Sikusema ni ya Wabuddha, nilisema ni ya wahenga wa Asia. Watu waliacha hata kufukuza kuku walioingia ndani. Wengine walilia. Tangu siku ile nikipita njiani wazee wananivulia kofia, na paroko amenitaja kwenye mahubiri. Najua sifa ni mtego, kitabu chenyewe kinasema hivyo, lakini mwanao nimefurahi, siwezi kuficha.

Niandikie unavyoona.

Mwanao,
Isidori


Tumati, 16 Machi 2025

Mwanangu Isidori,

Marahaba. Milele amina.

Konda amekunywa maziwa, akaomba na chapati. Huyo naye anajua kutoza ushuru.

Hao watu wako wanaandika vizuri, sikatai. Lakini nina maswali, na usinijibu kama kawaida yako kwamba mama mdogo hajaelewa. Nilikuwa katekista kabla hujaota meno. Mtawa wao anapita asubuhi na bakuli, hana kitu, hataki kitu, anapewa wali. Sawa. Wali huo kaupika nani? Huyo mama kaamka saa ngapi kuchota maji? Kitabu kinamtaja? Halafu hicho kitu kisicho na mwenyewe. Wenzako hao waliwahi kufuga? Mimi sijaona ng'ombe asiye na mwenyewe. Hata aliyepotelea porini ana mwenyewe, ndiyo maana anatafutwa. Na paroko wenu, je, anajua hao wahenga wa Asia ni akina nani? Siku ukifukuzwa kwaya usinitaje.

Sasa kaa chini nikupe habari. Wazee wetu wamekwenda Endagikot kwa mzee Margwe kumwombea mwanangu Renatus mke, binti yake Letisia. Margwe hakuwa na makuu. Aliuliza tu, "Mtaleta ng'ombe gani?" Mshenga wetu akamtaja Noeli: mweusi, tumbo jeupe, pembe ya kushoto imeinama, wa ukoo wa ng'ombe wa marehemu baba yenu mdogo. Margwe akasema, "Nimemwona." Unajua kwetu ng'ombe akishatajwa kwa rangi na pembe basi ndiye huyo. Ukipeleka mwingine, hata awe mnono namna gani, umewaambia wakwe kwamba neno lako la kwanza kwao lilikuwa uongo. Renatus atakuja kumchukua baada ya Pasaka.

Isidori, tangu tumzike baba yenu mdogo sijawahi kuimba jikoni. Jana niliimba, mbuzi wakashangaa. Mwogeshe Noeli vizuri, asipelekwe kwa wakwe na kupe.

Mama yako mdogo,
Marieta


Gitting, 23 Machi 2025

Dada Mectilda,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningekata kabla sijalisema. Noeli sinaye tena. Nimemtoa. Ng'ombe wa mama mdogo, aliyewekwa kwangu ninywe maziwa na kumtunzia ndama, nimempa Gidamis mbele ya jumuiya nzima, na nimesema ni wangu.

Usiniulize nilikuwa na akili gani. Ilikuwa nyumbani kwake mwezi uliopita, nimemaliza kuwasomea kile kitabu cha Wabuddha, watu wanafuta machozi. Mke wa Gidamis amekaa kwenye kigoda na mimba yake, kibuyu cha maziwa kimening'inia ukutani kikavu. Nikajisikia mkubwa, dada. Nikaona kama nimeingia ndani ya kile kitabu. Nikasimama, nikasema, "Gidamis, kesho njoo umchukue ng'ombe wangu." Gidamis hakurukia. Alinitazama akaniuliza, "Mwalimu, huyo ni wako?" Nikasema ni wangu. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayenifungulia mlango nitoke, "Wako mwenyewe?" Watu wote macho kwangu. Nikamjibu, "Gidamis, kwani duniani kuna kitu cha mtu?" Wakapiga makofi.

Baada ya barua ya mama mdogo nimerudi kwenye kitabu kutafuta pa kujificha. Unajua nilichokikuta? Sura za mwanzo nilikuwa nimeziruka, kwa sababu zilikuwa za watu wa kawaida, wenye nyumba na mashamba, nami nilikuwa nakimbilia yale mambo ya juu. Humo kuna makatazo ya mtu wa kawaida. Mojawapo: usichukue ambacho hukupewa. Limeandikwa kwa Kiingereza kilekile chepesi. Nilidhani lugha ikiwa rahisi na jambo ni rahisi. Nafundisha watoto wasiruke kurasa, kumbe mwalimu ndiye mrukaji. Naona aibu hata kusimama mbele ya ubao.

Sasa nifanye nini? Nikimrudisha Noeli, namnyang'anya mama mjamzito maziwa watu wakiona. Nisipomrudisha, Renatus anakosa mke na mama mdogo anakuwa mwongo kwa Margwe. Na nikuambie lililo baya kuliko yote, maana kwako nimezoea kuwa uchi: ninachoogopa zaidi ni watu wa Gitting kujua. Kuumia kwa mama mdogo kunakuja baadaye. Nimejichunguza, nimekuta hivyo.

Nisaidie. Usimwambie.

Mdogo wako,
Isidori


Endagikot, 27 Machi 2025

Isidori,

Marahaba, kama bado unastahili.

Barua yako nimeisoma zahanati, foleni ya kina mama imefika mlangoni. Ilibidi nimwachie mwenzangu sindano nitoke nje kuimalizia. Kwa simu ningekutukana wodi nzima ikasikia, kwa hiyo umefanya vizuri kuandika.

Mama mdogo alituchukua mama alipofariki, akatulaza kitanda kimoja na Renatus. Alipalilia vitunguu saumu vya watu ili wewe uende chuo cha ualimu. Halafu unawaambia watu duniani hakuna kitu cha mtu! Hukutoa ng'ombe, Isidori. Umemchukulia mama mdogo ng'ombe ukajinunulia makofi. Nimeandika hivi, nimekaa, nimejaribu kupata neno la upole zaidi, sijalipata.

Letisia anakuja hapa kila juma kumchukulia bibi yake dawa. Ananiita wifi tayari, anacheka, ananionyesha kitenge cha siku ya kupokea ng'ombe. Namtazama vipi?

Panda gari uende Tumati. Useme kwa mdomo wako, umepiga magoti. Nakupa mpaka Jumapili ya Matawi. Ukishindwa, nitakwenda mimi.

Dada yako,
Mectilda


Gitting, 7 Aprili 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefurahi sana kwa habari ya Renatus. Ningekuja mwenyewe kukupongeza lakini shule imenibana. Kuna jambo dogo. Huku kwetu umeingia ugonjwa wa miguu na midomo, na ng'ombe wamekatazwa kuhama mpaka itakapotangazwa. Noeli hajaambukizwa, usiwe na wasiwasi. Ila Renatus asipate taabu ya kuja bure. Mwambieni mzee Margwe avute subira kidogo.

Kuhusu maswali yako juu ya mtawa na bakuli, bado natafakari.

Mwanao,
Isidori


Tumati, 25 Aprili 2025

Isidori,

Hukunisalimu uso kwa uso, kwa hiyo marahaba naiweka akiba.

Jumapili ya Matawi Mectilda alikuja na uso wa msiba. Nikamwambia, "Nyamaza. Habari ya mdogo wako sitaisikia kwako." Nilikungoja Alhamisi Kuu. Nikakungoja Pasaka, nimechinja jogoo. Jumatano nikapanda gari kuja Gitting.

Kwenye basi nilikaa na kijana mmoja, afisa mifugo wa hukohuko kwenu. Nikamuuliza habari za ugonjwa. Akasema, "Ugonjwa gani, mama?" Nikajifanya nimechanganya wilaya. Nikageukia dirishani mpaka tulipofika.

Kwako hukuwepo, nikaambiwa umekwenda Katesh. Zizi limeota majani. Jirani yako mmoja mama mnene, mcheshi, akaja kunipokea. "Unamtafuta mwalimu? Yule ni mtakatifu wetu! Alimpa Gidamis ng'ombe wake." Nikamuuliza, "Ng'ombe wake?" Akasema, "Wake mwenyewe, mama, tulikuwepo, tukampigia makofi." Mwanangu, nilisimama pale na mfuko wa vitunguu saumu niliokuletea, nikaona aibu utadhani mimi ndiye niliyeiba. Nilimwambia mimi ni mtu wa parokia, napita tu. Sikuweza kusema ni mama yako.

Akanionyesha njia, nikaenda. Niliondoka kwako na hasira ya kumfungua Noeli na kuondoka naye papo hapo, nakwambia kweli. Kamba nilikuwa nayo kwenye mfuko. Nikafika. Mke wa Gidamis ana tumbo kubwa, miguu imevimba, akainuka hivyohivyo akanitengea kigoda. Aliniuliza jina tu, nikamtajia, hakuuliza natoka wapi wala nataka nini. Akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Nikanywa. Maziwa ya Noeli nayajua, nimeyanywa miaka. Nilikaribishwa maziwa ya ng'ombe wangu na mtu asiyejua kuwa ni yangu, nikasema asante.

Halafu Noeli akapita uani, nami nikajisahau. Nikamwita. Akageuka, akaja moja kwa moja, akaweka pua kwenye mapaja yangu kama alipokuwa ndama. Gidamis alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mama, huyu anakujua."

Laiti ungekuwepo hapo. Ningesema neno moja tu, na wewe usingeweza kuishi Gitting tena. Wangekuita mwizi mpaka watoto wa darasa la kwanza. Nikamtazama yule mama na miguu yake. Nikasema, "Nilimlea akiwa ndama, kisha nikampa mwalimu. Ni mali yake." Nimedanganya, Isidori. Mimi niliyefundisha watoto amri kumi miaka yote ile, nimemdanganya mtu ambaye maziwa yake niko nayo mdomoni.  Gidamis akamkuna Noeli shingoni, akasema mtoto atakayezaliwa atapewa jina la aliyewapa ng'ombe. Nikamwambia ni vema. Nikarudi na kamba yangu.

Sasa sikiliza. Noeli amebaki kwao, na nimemtoa mimi. Siku ile ya makofi hakuna kilichotolewa. Jana nimekwenda Endagikot na mshenga kumwambia Margwe kwamba ng'ombe niliyemtaja hayupo. Niliinama mbele ya mtu ambaye nilitaka aniite ndugu. Amesema harusi ingoje mpaka baada ya mavuno, aone kwanza kama sisi ni watu wa neno. Letisia alikuwa jikoni, nilimsikia akilia. Renatus hataki kusikia jina lako, na mimi sitamlazimisha.

Usininunulie ng'ombe kimyakimya ukadhani umemaliza. Nenda kwa Margwe, useme. Na Gitting usiseme kitu. Ukisema huko utamfanya yule mama aone haya kwa kila kikombe anachokunywa. Wakikushukuru, itika. Wakikuvulia kofia, itika. Kila siku, mpaka uzeeke. Hiyo ndiyo sehemu yako.

Na yale masomo usiache kuniletea. Nataka kujua kama wale wahenga waliandika lolote kuhusu mtu kama wewe. Na kuhusu mtu kama mimi pia, ambaye nimedanganya na sijui kama najuta.

Mama yako mdogo,
Marieta


Gitting, 17 Agosti 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Hii marahaba usiniwekee akiba, nakuomba.

Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nilipoanza, niliona barua inanipendelea. Sasa naandika yaliyotokea tu.

Kwa Margwe nilikwenda mwezi wa tano, na nilirudi tena baada ya mavuno. Mara ya kwanza alinikalisha uani, akaendelea kuchonga mpini wa jembe. Nilimwambia yote, pamoja na kitabu. Akaniuliza, "Hiyo dini ya Wahindi ndiyo inasema utoe ng'ombe wa mama yako?" Nikamwambia hapana, mzee, dini zao zote mbili zinakataza, mimi niliruka ukurasa. Hakucheka. Alisema, "Basi ungeweza kuruka hata kwenye kitabu chetu." Mara ya pili Renatus alinikuta njiani. Hakunipa mkono, lakini alishika kamba ya mtamba niliyemnunua badala ya Noeli, akatembea naye upande wake wa barabara na mimi upande wangu, mpaka kwa Margwe. Safari hii mshenga alimtaja ng'ombe akiwa amesimama mbele yao. Mectilda ameniambia harusi ni mwezi ujao, na kwamba nimekaribishwa kubeba viti.

Kuhusu swali lako, nimesoma mpaka mwisho, pamoja na utangulizi na maelezo ya chini ya kila ukurasa. Sijapata mahali palipoandikwa juu ya mtu kama wewe. Yule mama aliyempikia mtawa wali naye, katika kurasa nilizosoma, hatajwi jina. Nimeandika jina lako pembeni ya ukurasa ule. Najua haitoshi.

Nimeitikia, mama mdogo, kama ulivyosema. Kila asubuhi mke wa Gidamis ananisalimia njiani na kunishukuru, nami naitikia, uso unawaka. Nilizoea kupita njia ya kanisani ili watu wanione. Siku hizi napita nyuma ya mashamba ya ngano, na hata huko nakutana na mtu wa kunishukuru.

Leo mtoto wao amebatizwa. Ni wa kike. Waliniomba nimsimamie, na sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitoa. Wanajumuiya wote walikuja na nguo mpya. Njiani walikuwa wananitania kwamba nimepata Isidora wangu, na mimi natabasamu. Nilijua nitalisikia jina hilo maisha yangu yote, mama yake akimwita atoke mvuani.

Paroko akauliza, "Mnampa mtoto huyu jina gani?" Mimi nikainamisha kichwa. Gidamis akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma: "Marieta."

Watu wakatazamana. Yule jirani yangu mnene akanong'ona, "Marieta ndiyo nani?" Paroko naye alisita, akanitazama mimi. Gidamis akasema, "Nilisema atapata jina la aliyetupa ng'ombe," akanigeukia bila hasira yoyote, akanipa mshumaa nishike.

Alijua, mama mdogo. Alijua si wangu tangu aliponiuliza mara ya pili. Tulipotoka nje alinishika bega akasema, "Karibu nyumbani, mwalimu, maziwa yapo."

Nilikwenda. Nilikunywa. Mtoto alikuwa analia, mama yake akawa anambembeleza kwa jina lako, na mimi nikawa naitikia moyoni kila alipolitaja, kama mtu anayeitwa mbele ya darasa.

Mwanao, ukinikubali,
Isidori